Jina Nililokupa, Babu

Babu,

Jina la Mzee Ratiba nililitunga mimi. Sijawahi kumwambia mtu, hata Bibi.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa tunatoka kuchota maji na wenzangu, tukakuona kwenye migomba. Jua lilikuwa utosini, nawe umechomeka jembe ardhini, umevua kofia, unasali kama kila siku saa hiyo. Wenzangu walikuwa Wakatoliki na Walutheri. Wakaniuliza, "Hivi ninyi mliotoka Burundi, dini yenu ipi?" Niliona aibu kusema Wamethodisti, jina ambalo hapa Rugu lilijulikana katika nyumba zetu tatu tu. Nikawachekesha ili wasiniulize tena. Nikasema, "Yule ni Mzee Ratiba. Hata kupiga chafya ana saa yake."

Haikupita wiki, jina likafika sokoni. Watoto wakawa wanakufuata: "Mzee Ratiba! Leo chafya saa ngapi?" Nawe unawajibu, "Baada ya sala, wanangu." Nilicheka pamoja nao.

Kila Ijumaa jioni ulitukusanya, ukamuuliza kila mmoja, "Roho yako ikoje?" Mtu aseme kweli, wengine wamwombee. Mimi nilijibu, "Nzuri, Babu." Hata ulipokuwa kitandani, huwezi kuinua kichwa, uliniuliza. Nikajibu vile vile.

Siku ya kukuzika, mwinjilisti wa Kilutheri aliyekuja kutusaidia aliwauliza majirani jina lako. Akasimama mbele ya jeneza akasema, kwa heshima kabisa, "Tumekuja kumsindikiza Mzee Ratiba." Baba akamsahihisha, lakini lilikuwa limeshatamkwa. Nilitazama miguu yangu.

Muhula uliopita nilisoma kitabu cha historia ya makanisa katika maktaba ya shule. Kumbe hata Wamethodisti ni jina la kuchekwa. Vijana wachache wa chuo kimoja Uingereza walijiwekea utaratibu wa kusali, kufunga na kutembelea wafungwa. Wenzao wakawadhihaki kwa utaratibu huo, wakawaita Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu, na jina likawaganda. Mwishowe wakalipokea, wakajiita hivyo wenyewe.

Ulijua, Babu? Ndiyo maana hukukasirika? Ningekuuliza. Wale waliowacheka hawakuwa wajukuu zao. Mimi nilikula ugali wako.

Nipo nyumbani, likizo. Mibuni uliyopanda nyuma ya jiko imezaa. Ijumaa sasa anayeuliza ni Bibi, huku akimenya ndizi, na leo ni Ijumaa. Pumzika, Babu. Nikiulizwa tena dini yangu, nitaitaja.

Hapo niliiacha barua jana. Naimalizia leo asubuhi.

Jana jioni zamu yangu ilipofika na Bibi akaniuliza, sikusema nzuri. Nilieleza yote, kuanzia siku ile ya maji mpaka kitandani kwako. Bibi aliacha kumenya. Kisha akanisogezea kisu na ndizi zilizobaki, akamgeukia jirani yetu Mama Bukuru: "Na wewe, roho yako ikoje?"

Nikachukua kisu, nikamenya.

Mjukuu wako,
Yudita