Mwaka wa Kwanza Bila Sajenti Nasur wa Gari ya Maji

“Huendi, Hamim! Nimesema huendi!”

“Mama, jina langu limetoka jeshini. Leo ndiyo siku ya kuripoti!”

Sajenti Nasur, Baba yetu, hivi ndivyo mwaka wako unatimia hapa nyumbani Lubaga. Dua imesomwa asubuhi, sahani bado hazijaoshwa, na watu wako wanapigiana kelele. Tusamehe. Tumechoka.

Mwaka mzima umepita tangu ile gari yako ya maji ilipopigwa bomu barabarani kule Somalia, nawe ndani. Ilikuwa safari yako ya tatu na walinda amani. Kazi yako ilikuwa kupeleka maji kambini, basi. Lakini wewe ulikuwa lazima usimame njiani, uwajazie akina mama mitungi yao. “Wakubwa wananigombeza,” ulitutumia sauti kwenye simu, unacheka. “Nasema ndiyo afande, halafu kesho nasimama tena.”

Kuaga hukupenda. Begi mgongoni, buti mguuni, unasema tu, “Mama Hamim, naenda kununua chumvi.” Na Mama, bila kugeuka, “Usichelewe, mchuzi uko motoni.” Kumbe unapotea mwaka! Ukirudi, kitu ya kwanza kutoka kwenye begi ni pakiti ya chumvi. Tulikuwa tunacheka mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Safari ya mwisho chumvi haikuja. Tangu hapo Mama hainunui. Anamtuma binti yako Shakirah.

Sasa huyu Hamim wako, amemaliza sinia siksi, darasa la mwisho la sekondari, juzi tu, kukaa chini hawezi. Amevaa buti zako za zamani. Zinambana vidole, tunaona anavyotembea, lakini hajamwambia mtu.

“Nikimaliza mafunzo naomba Somalia,” akasema. “Baba alisema hata nchi maskini ina kitu ya kutoa. Si vita ya mwaka wa sabini na tisa Bibi alikimbia naye mgongoni mpaka Sudan? Nani alisimama barabarani kuwalinda? Hakuna! Ndiyo maana yeye alisimama.”

“Wenye pesa wanatuma magari,” shangazi Maimunah akamkatiza. “Sisi tunatuma watoto. Na wewe miguu inakuwasha, unadhani unaenda harusini!”

“Kwani Shangazi, kukaa hapa naangalia boda zikipita ndiyo kazi?”

“Banange, jamani, huyu mtoto! Ulimi wa Nasur kabisa.”

Mama hakupaza sauti tena. Alijishusha kwenye mkeka, polepole, kama mtu ametoka kuchota maji mbali.

“Baba yako alitoa,” akasema. “Kwa hii nyumba, imetosha.”

Hamim akaliangalia begi mkononi. Kidogo aweke begi chini, Baba. Kidogo sana.

Tunaokukumbuka ni sisi hawa hawa: mke wako Hasifa, dada yako Maimunah, binti yako Shakirah, na Hamim wako. Hata tukigombana, hutoki moyoni mwetu.

Hamim akatupia begi mgongoni. Alipofika mlangoni akatafuta neno la kuaga, akalikosa. Likamtoka lile lako.

“Mama, naenda kununua chumvi.”

Mama hakugeuka.

“Chumvi tunayo,” akasema.

Hamim akatoka, akafunga mlango.