Besi ya Mjomba Wako Asipewe Ghalibu

Isevya,
Tabora.
16 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Majidi,

Assalaam aleikum. Kwanza kabisa nijulishe afya yako. Kile kifua kimepoa? Huko Ujerumani baridi ikizidi vaa fulana mbili, usione haya. Sisi huku wazima, ila mguu wangu wa kushoto unavimba nikisimama sana. Usiwe na wasiwasi, wasiwasi niachie mimi.

Arobaini ya mjomba wako tumeisoma Alhamisi. Ndugu yangu Lukumani kazikwa huko mliko, lakini dua imesomwa hapa hapa uani alipozaliwa. Watu walijaa. Na Ghalibu naye akaja.

Mwanangu, kuna watu hawana haya. Kavaa kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akainuka mbele ya mashehe akasema yeye ndiye aliyemfundisha marehemu kupiga besi. Yeye! Kuku wangu tu hawezi kuwafundisha kudonoa.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, ngoja nikwambie. Lukumani alikuwa akipiga besi, lile fidla kubwa la kusimama, kwenye kundi la taarabu la huyo huyo Ghalibu. Harusi ya mama yako mdogo Najiat, Lukumani akachomeka kijiti cha mswaki katikati ya nyuzi, ikatoka sauti ya ajabu. Ghalibu akamnyang'anya besi mbele ya bibi harusi. "Tumekuita upige, hatukukuita utufungulie mlango mbovu!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Lukumani akaondoka, akaja huko uliko. Kumbe huko Wazungu wanajaa ukumbini, wametulia tuli, wanasikiliza kijiti kile kile. Wanakiandikia na vitabu. Leo Ghalibu ndiye mwalimu wake.

Bahati nzuri alikuwepo Yustina, yule Mgogo anayeuza karanga sokoni. Wagogo ni watani zetu tangu babu zetu wakipita kwao na mizigo kwenda pwani, na msiba wetu bila wao haujaisha. Akasimamisha mchi, akauegemea kama besi, akaukwaruza kwa mwiko wa pilau, macho kafumba, shingo kapinda. Lukumani mtupu! Hata shehe alificha uso. Kisha akamfuata Ghalibu, akampa ule mwiko. "Haya mwalimu, tuonyeshe ulivyomfundisha. Au ulimfundisha kukimbia?"

Mtani hakasirikiwi. Yule mtu akabaki na mwiko mkononi, mafuta yanamchuruzikia kwenye kanzu. Nilicheka mpaka mguu ukaacha kuuma.

Sasa dada yako Zuwena ananiambia Ghalibu kakupigia simu. Anataka umpelekee besi aliyokuachia mjomba wako aiweke kwenye ule ukumbi wake unaonuka popo, na chini yake liandikwe jina lake, mwalimu. Na wewe umekubali nusu, eti unataka kuacha kupiga kwa kuwa hata huko wapo wanaokucheka. Majidi! Tangu nisikie hayo silali vizuri.

Baada ya wageni kuondoka Zuwena aliniwekea kwenye simu muziki wa mjomba wako. Mwanzo nilitaka kuziba masikio. Halafu nikausikia mlio mrefu, unakatika, unaishia na kishindo kidogo. Nikakaa chini. Ni mlango wa marehemu bibi yako, huu huu wa mbele, akiufungua alfajiri kwenda kuteka maji, anausukuma kwa goti taratibu asituamshe. Lukumani alikuwa akilala karibu nao.

Ghalibu alidhani anatukana. Masikio yake yote yale, miaka yote ile kwenye muziki, wala hakujua ni mlango wa nani.

Basi besi usimpe. Ipige wewe. Wakicheka waache wacheke, hata mama yako alicheka, na leo analia jikoni.

Baba yako Humaid anakusalimu. Juzi alileta chupa ya mafuta atie kwenye bawaba za mlango, nimeificha. Zuwena na mama yako mdogo Najiat wanakusalimu. Yustina anasema ukirudi bila mke wa Kigogo atakupa mwiko na wewe. Msalimie mwenye nyumba wako, umwambie nashukuru kwa ile supu aliyokupikia ulipougua.

Mungu akuweke, akukinge na baridi na vicheko vya watu. Ukija usibishe hodi. Sukuma mlango kwa goti, taratibu, nitajua ni wewe.

Mama yako, akuombeaye kila sala,
Zamda