Ngazi ya Mama Wangui

Ruring'u, Nyeri

Mama mpendwa,

Magoti yako yanasemaje na mvua hii? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi vidole vinakataa kushika mwiko. Asante kwa kunilelea Mghoi. Kila ninapoinama kutandika kigae namwomba Mungu akuweke.

Nilikuambia nimepata nyumba yangu ya kwanza ya kutandika vigae bila fundi mkubwa juu yangu, na kwamba kazi hiyo ndiyo ingenipangishia vyumba viwili ili mwanangu aje tuishi pamoja. Mama, nusura niiharibu kwa pupa. Mwenye nyumba, Mama Wangui, mnunuzi wa viazi vya Endarasha, alinikaribisha chai, akaniuliza bei. Nikaogopa atasema mwanamke hawezi, nikamtajia bei moja ya mita kwa nyumba nzima, kama sakafu ya kawaida. Ngazi sikupanda hata kuitazama. Kumbe inajipinda, kila kipandio kina umbo lake, na kila kigae lazima kikatwe. Mafundi wa huku ngazi huipigia bei yake, kipandio kwa kipandio.

Siku ya kwanza ya ngazi nilimaliza vipandio viwili tu. Nikaona faida yote itaniishia hapo, na chumba cha Mghoi nacho kimekwenda. Nililia, sikufichi.

Mama Wangui akapanda, akanikuta.

"Kwani hii ngazi iko na ugonjwa? Ati tangu asubuhi mbili tu?"

Nikamwambia ukweli: bei nilikosea mimi, na asipoongeza nitamaliza hivyo hivyo.

Akavua viatu, akapapasa maungio ya vigae kwa kidole cha mguu.

"Mimi nikinunua viazi, kubwa na ndogo siweki bei moja. Wewe ni nani alikufunza biashara? Sakafu ibaki vile tuliongea. Ngazi tuhesabu moja moja. Lakini uniwekee poa, nisianguke nikizeeka."

Nilimshukuru mpaka akanifukuza nirudi kazini. Nyumba imekwisha, na jana nililipia vyumba.

Nisalimie mjomba Mwakio, na shangazi Mkamburi umwambie sweta aliyonifumia siivui hata nikilala.

Na wewe Mghoi, najua ndiwe unayemsomea bibi. Hapa soma taratibu, umshike mkono: shule zikifungwa, nakuja kukuchukua.

Ni mimi, mwanao na mamako,
Wakesho