Blanketi la Ojuok

Jumapili, 1 Septemba 1996

Baba Faith kalala ameketi tena. Mgongo ukutani, viatu miguuni. Ukimwuliza, "Napumzika tu." Anapumzika hivyo tangu Mei! Tangu ile meli izame. Yeye alitoka, mdogo wake Ojuok hakutoka, na mwili haukuonekana.

Mimi nililala vizuri. Niliota maji yanaingia nyumbani taratibu, masufuria yanaelea, Faith anacheka. Wala sikuogopa. Nilipoamka nikapapasa sakafu — kavu.

Jumatano, 4 Septemba

Mama mkwe ametuma mtu kutoka Rorya. Anataka Ojuok azikwe. Mwili haupo, basi litazikwa yago, lile tunda refu, zito, ambalo sisi Wajaluo humzikia aliyepotelea majini. Likishalala kaburini, na yeye amelala. Mama hajatulia tangu Mei, anataka awe na kaburi la kupalilia.

Baba Faith hataki kwenda. Na bila yeye hakuna maziko, ndiye kaka mtu. "Mnamfukia mtu na bado ana baridi?" Alisema kwa upole, macho kwenye chai. Namhurumia mpaka namkasirikia.

Jumamosi, 7 Septemba

Nesi Bernadeta aliwaita watu wa ile ajali ukumbi wa parokia. Aliwapanga kwa mabenchi! Waliokuwa melini mbele, waliopokea maiti katikati, wafiwa nyuma. Akauliza: nani anaota? Nani anashtuka? Nani anakwepa kitu fulani? Benchi la mbele mikono ikapanda karibu yote. Hilo nilitegemea. La katikati sikulitegemea — mikono mingi mno. Hata Mzee Muhidin, fundi cherehani wa Mabatini, ambaye maji hata hayakumlowesha! Alikata sanda tu. Tangu siku ile kitambaa cheupe hagusi, wazazi wamepeleka mashati ya shule kwa fundi mwingine. Wafiwa nao, hapa mmoja, pale mmoja.

Bernadeta akasema siyo wazimu, wala hawajarogwa. Woga mkubwa hukaa mwilini; wengine unawashika zaidi, wengine kidogo, na wapo unaowashika bila kujua.

Baba Faith hakunyoosha mkono. Ila alisema, "Ojuok aliniambia vidole vimekufa ganzi. Nikamwambia shika tu." Basi. Mimi mkewe ndiyo kwanza nasikia!

Sisi wake tulisimama dirishani na vikapu vyetu. Hatukuwa na benchi. Heri, nilikuwa na mapanki, ile mifupa ya sangara, ya kukaanga. Na mimi nalala kitandani kama watu.

Jioni mafuta yalipochemka nikasikia kama watu wanaongea mbali, chini ya maji. Nikainama nisikilize. Samaki wakaungua wote.

Ijumaa, 13 Septemba

Amekubali! Hakueleza, alifunga tu kamba za viatu. Basi la Musoma. Ziwa likatokea Magu, jeupe kama maziwa, likapotea, likatokea tena Lamadi. Kila likitokea alinishika mkono. Au mimi ndiye niliyemshika.

Jumamosi, 14 Septemba. Rorya

Naandika nikiwa chumbani kwa mama mkwe. Kaburi limechimbwa tangu asubuhi. Watu wamejaa uani, mchungaji ameshafungua kitabu.

Walimpa Baba Faith yago alibebe mpaka kaburini. Zito, la kijivu, urefu wa mkono. Badala ya kwenda nalo nje, akaingia nalo humu. Akalilaza kitandani. Akavua koti akalifunika.

"Kwanza apate joto," akasema. Kisha akajilaza pembeni yake — amevua viatu! Amelala. Kweli amelala, anakoroma.

Mama mkwe yuko mlangoni. "Agutu, mwamshe mumeo. Watu wanangoja, jua kali."

"Ndiyo, mama."

Najua la kufanya. Nimshike bega, nilichukue tunda, nilipeleke nje. Mgonjwa ni yeye, mimi nimekuja kumsaidia.

Nikainama. Nikaweka kiganja juu ya koti. Baridi! Baridi ya maji, mpaka kwenye kiwiko.

Mama anaita tena. Nimefungua sanduku, nikatoa blanketi. Nimelifunika yago vizuri, hadi shingoni.