Mama, Jina Lililoandikwa Halikuwa Lako

Mama,

Shikamoo. Utanivumilia mwandiko, naandika huku nimempakata mtoto. Maneno haya nimezunguka nayo kifuani tangu Jumanne, na hapa nyumbani sina wa kumshtakia, maana ninayetaka kumshtaki ni wewe.

Kwanza habari za mjukuu wako. Rukia anasimama. Anashika ukingo wa kinu, anajiinua, anajipigia makofi mwenyewe, halafu puu, chini. Ana meno manne. Paji la uso amechukua lako lote, hata pale anaponuna. Na mie kiwandani wamenitoa kwenye mashine za kusokota, sasa nakagua vitambaa, nakaa kwenye kiti kabisa. Ungefurahi. Ungekwenda kuwaambia watu wote wa Mtoni.

Sasa niseme lililonileta.

Wiki hii wamelifungua tena daftari la wazee. Unajua utaratibu wetu: hospitali ya serikali ni bure, lakini dawa zikiwa hazipo wanakuandikia kikaratasi ukatafute dukani, na hapo ndipo mfuko wetu wa wafanyakazi unaposaidia. Kila mfanyakazi anamwandika mzee mmoja tu. Mzee huyo anapewa kadi ya mwaka, ya dawa za dukani na ya kupasuliwa hospitali ya misheni ikibidi. Jumamosi saa sita mchana daftari linafungwa, aliyechelewa mpaka mwaka mwingine.

Mie Jumanne nilikwenda kukufuta. Nilijikaza, Mama. Nikamwambia karani, yule mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, "Mzee wangu amefariki, baba. Naomba umtoe."

Akapekua, akaniangalia juu ya miwani. "Amefariki lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu! Na wiki iliyopita kaja hapa na kadi yake kuuliza habari za jicho? Basi, binti yangu, mie nimesalimiana na jini."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikacheka na mie, nikijua kachanganya majina. Akaligeuza daftari upande wangu ili nisome mwenyewe.

Mwajuma binti Selemani.

Nilisoma mara tatu. Pembeni pana dole gumba la wino. Na chini yake, pale anapotia saini aliyemleta mzee, pameandikwa jina lako, Fatuma binti Ali, kwa ile herufi ya kwanza uliyokuwa unaiandika imegeukia nyuma, mwalimu wa kisomo akikusahihisha kila siku na wewe ukimjibu, "Mwache aangalie alikotoka."

Mama, Bi Mwajuma? Mke mwenzio? Mwanamke uliyegawana naye ua miaka kumi na minne, majiko mawili, kamba mbili za nguo, na ukitaka chumvi ukaupita mlango wake kwenda kuomba nyumba ya nne? Baba alipofariki nilidhani mtasuluhishana, mkaanza kugombana mara mbili zaidi, kwa kuwa hakuna tena wa kuwaamua.

Kosa langu nalikumbuka vizuri. Mwaka jana daftari lilipofunguliwa, Rukia alikuwa na siku kumi na moja, mie niko ndani, arobaini haijaisha, na wewe hutaki hata nichungulie mlangoni. Nikatia saini yangu kwenye fomu, mahali pa jina la mzee nikapaacha wazi. Nilijisemea, ataandikwa nani mwingine? Nikakupa ukaipeleke pamoja na barua ya balozi wa nyumba kumi. Ulirudi mchana umenunua ndizi mbivu. Ukasema, "Nimeshaandikisha." Hukusema uongo. Hilo ndilo linaloniumiza, nikirudia maneno yako yote siyaoni ya uongo hata moja. Nikikuuliza kadi, "Ipo mahali pazuri." Nikikuuliza dawa za presha, "Bado zipo," na unaitikisa chupa niisikie.

Nilipotoka kazini Jumanne nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lako. Chupa ilikuwa chini ya khanga. Nikaimimina kitandani.

Robo, Mama. Robo za vidonge. Umekata kila kidonge mara nne kwa wembe, visiishe upesi kwa kuwa kadi huna, vipande vingine vimekuwa unga.

Sikulia. Nilikaa nikivitazama mpaka Rukia akataka kuvitia mdomoni, ndipo nikaamka.

Nikavirudisha chupani, nikatoka uani hivyohivyo, mtoto mgongoni, chupa mkononi. Bi Mwajuma alikuwa anapeta mchele. Mwaka jana alipofungwa bandeji jicho la kulia alitwambia kalipiwa na mpwa wake wa Utete, na mie nikamsifu sana huyo mpwa. Nikamwambia, "Mpwa wako wa Utete anaitwa Fatuma?"

Ungo ulitulia mikononi mwake. Akasema, "Keti."

"Siketi."

"Basi simama, lakini punguza sauti, utamshtua mtoto." Akaanza kunieleza. Kwamba siku ile ulikuja ukasimama mlangoni kwake, hukuingia, ukamwambia, "Vaa khanga safi tunakwenda kiwandani Chang'ombe. Na usinishukuru, nimechoka kusikia unavyojikwaa kwenye ndoo zangu." Njia nzima hukumsemesha. Alipokuuliza wewe utatibiwa na nani, ulimjibu, "Mie nina mtoto, atanihangaikia. Wewe una nani?" Halafu ukamwapisha asiniambie, nisije nikagomba na maziwa yakakauka.

Nikammiminia zile robo kwenye ungo, juu ya mchele. Akazipapasa kwa vidole, moja moja. Akaelewa. Hizo alikuwa hazijui, Mama, nimeuona uso wake, naye pia ulimficha.

Baadaye akasema kwa ile sauti yake ya ugomvi, "Mwaka huu usiniandike. Hili jicho moja lanitosha kukuona ulivyoninunia."

Nilikwenda zahanati kumuuliza nesi kama kiharusi kilichokuchukua kisingekuja endapo ungekuwa unakunywa vidonge vizima. Akaniambia hakuna anayeweza kujua. Nikamshukuru. Nikarudi. Sikuridhika.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, sikumwamkia Bi Mwajuma. Nilipita kama sijamwona. Nilikusudia mstari wangu ubaki mtupu mwaka huu, mpate kuisikia hasira yangu, yeye hapa na wewe huko uliko. Niliona ni haki yangu. Ungeniuliza siku ile ningekataa, nakiri, na ndiyo maana hukuniuliza. Lakini ningekataa kwa sababu nakutaka wewe! Hilo nalo ni kosa?

Jumamosi asubuhi alikuwa ametandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta. Rukia kamfuata upande wa kushoto, lile jicho lenye ukungu, kashika ukuta, kasimama wima, anajipigia makofi. Na Bi Mwajuma hajui yuko upande upi. Anasikia makofi, anageuza kichwa huku na huku, anauliza, "Nani kaja? Nani huyo mgeni?" Mtoto anacheka sana, anadhani ni mchezo.

Nilisimama na fomu yangu. Nikasema moyoni, nikiuacha mstari huu mtupu, mama yangu alikata vile vidonge bure.

Nikamwambia, "Simama twende."

"Sijaoga."

"Twende hivyohivyo, daftari linafungwa."

Tulifika karani anakusanya kalamu zake. Akaniuliza, "Huyu mzee ni nani wako?" Nikasema, "Mke mwenza wa mama yangu." Akacheka, "Binti, watu husema mke wa baba." Nikamwambia andika hivyohivyo, baba, huyu nimeachiwa na mama, si na baba. Akaandika. Bi Mwajuma alitia dole gumba, akajifuta wino kwenye khanga, akainamisha uso chini njia nzima mpaka Mtoni.

Jicho la pili wanalipasua wiki ijayo. Nitamsindikiza mwenyewe, nimeshaomba ruhusa ya zamu. Akifunguliwa bandeji nitamwonyesha Rukia anavyosimama. Naamini ataona.

Na sitatia tena saini kwenye karatasi yenye nafasi tupu, hata aletaye awe wewe. Na Bi Mwajuma, vidonge atakavyoandikiwa atavimeza mbele yangu, vizima. Nimemwambia, akanijibu nimerithi kisirani chako.

Mama, bado nimekukasirikia. Siwezi kukuandikia kwamba yamekwisha, utajua nakudanganya. Nipe muda. Nakuombea kwa Mola kila nikiswali, akupe nafasi pana na akuondolee kila maumivu uliyonificha. Pumzika. Kukusamehe nitafika, natembea polepole tu, nina mtoto mgongoni na mzee mkononi.

Mwanao,
Siwema