Boti Yetu, Tanga Yako

Rumonge

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Baraka, ng'ambo ya ziwa, na kwamba goti la Mama limeacha kumsumbua. Mimi sijambo, nasoma vizuri, na Baba Mdogo Ramazani na mke wake wananitunza kama mtoto wao.

Umeniuliza jambo zito: uuze shamba la michikichi ununue boti yako, au uje Rumonge ufanye kazi na Baba Mdogo katika boti ya Mzee Kasimu, muuza chumvi? Umesema mimi ndiye ninayesoma, nikuambie. Baba, tangu sikukuu ya Uhuru sijui tena niseme nini.

Siku ile, baada ya bendera mpya kupandishwa, boti za matanga zilishindana kutoka ufukweni hadi kwenye pipa lililoelea mbali, na kurudi. Baba Mdogo alishika usukani wa boti ya Mzee Kasimu. Wenzake wawili walijining'iniza ubavuni, upande wa upepo, isipinduke. Boti ya watu wa Muhuta ilitangulia, lakini Baba Mdogo alizunguka karibu kabisa na pipa, akaipita. Yuma, mmoja wa wale wawili, akapiga kelele, "Boti yetu! Yetu!" Nasi ufukweni tukaitikia, "Yetu!"

Kisha msimamizi akaita, "Mwenye boti aje achukue zawadi!" Nilimtazama Baba Mdogo, maji yakimchuruzika. Aliyekwenda kushika kamba ya mbuzi wa zawadi ni Mzee Kasimu.

Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa hapa, akamcheka: "Mzee, umeshinda na viatu bikavu!"

"Na boti ikizama, mama, utalia pamoja na mimi?"

Nikafikiri: basi Baba anunue yake. Lakini Yuma na mwenzake walikuwa wamerudi majini, wanaizungusha boti kwa maringo mbele ya wasichana. Upepo ukageuka, tanga likapasuka toka juu mpaka chini. Yuma akashuka akisema, "Pole, Mzee. Tanga yako imepasuka."

Yako! Shuleni tumefundishwa kwamba kitu hakibadili mwenyewe mpaka kiuzwe au kitolewe. Hiki kilibadili mwenyewe kabla nguo za Yuma hazijakauka. Mzee Kasimu akakaa mchangani, mbuzi akimvuta, na hakuna aliyekaa naye. Nikafikiri: basi Baba asinunue.

Asubuhi yake nilimkuta Baba Mdogo ufukweni peke yake, anashona tanga.

"Baba Mdogo, si ya Mzee Kasimu?"

"Ni yetu," alisema bila kuinua kichwa. "Shika hapa, mutoto. Usivute."

Baadaye Mzee Kasimu akaja na sahani ya nyama ya yule mbuzi. Alivua viatu, akaketi, akashika upande wa pili wa tanga.

Basi, Baba, nimechanganyikiwa zaidi. Yule mwenye boti anahitaji watu, na wenye mikono wanahitaji boti, na neno "yetu" sijui linakaa wapi. Nakuomba shamba usiuze kwanza. Njoo ujionee.

Nisalimie Mama, Bibi mwenye kikohozi, na Shangazi anayekamua mawese. Mwambie namkumbuka kila ninapoonja ya hapa.

Ukija, beba sindano yako ya kushonea magunia. Hapa iko moja tu, na tanga bado halijaisha kushonwa.

Ni mimi binti yako wa ng'ambo,
Mwajuma