Skrini Mbili za Bwana Nassir

Bi Rukia,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini kila asubuhi mdomo wangu unaitafuta, na aliyekaa kwenye meza yako sasa si mtu wa kuamkiwa. Ukimwamkia anatazama saa.

Ni Bwana Nassir, mpwa wa tajiri wetu mwenye ofisi. Yule aliyekuja mazikoni kwako na viatu vyeupe akasimama mbali na udongo. Arubaini yako haijafika, kashaihamishia meza yako dirishani apate upepo, na mto wa kiti chako kampa mlinzi. Wenzetu waliolia kuliko watoto wako leo wanamwita bosi, na akisema jambo wanacheka kabla hajalimaliza. Na mimi nacheka, kwa kuogopa. Unanijua. Hata salamu nikishaitoa hujiuliza kama nimeitoa vizuri. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ni hapa tu ninapoweza kusema kuwa mtu yule hajui kitu.

Kilichobaki chako ni ile kanga kuukuu uliyokuwa ukiifunikia kompyuta kila tukifunga ofisi, ukisema, "Na yeye asitirike, kafanya kazi kutwa." Niliitia kwenye droo yangu kabla hawajaifutia madirisha.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita bwana alikuja na skrini mbili kubwa kutoka madukani Mlandege. Moja aitazame yeye, ya pili igeuzwe kwenye benchi, wateja wa mizigo ya Pemba waone bei na saa za boti. Wazo si baya. Ubaya wake ni kuwa limetoka kwake.

Kompyuta yake mpakato, ile nyembamba anayoibeba kwapani kama mkate wa boflo, ina tundu moja tu la waya wa skrini. Kwa hiyo muuza duka alimpa kidude cha kugawia: waya mmoja unaingia, miwili inatoka. Nilikitazama nikajua. Kidude kile hakikupi skrini mbili. Kinakupa skrini moja mara mbili. Unachokiona huku ndicho wanachokiona kule, mpaka mshale wa kipanya.

Nikamwambia. Sauti yangu unaijua, huishia kooni.

"Bwana, ya pili tungeichomeka kwenye tundu hili dogo la USB la pembeni, kwa adapta ya kuligeuza liwe la skrini, kisha tuiambie kompyuta ipanue, isirudufu."

"Binti, umesomea skrini wewe?"

"Nimesomea kompyuta, bwana."

"Basi chomeka, usinisomeshe."

Wenzetu wakacheka. Nikachomeka. Bei zikatokea kote kuwili, na yeye akajipiga picha baina ya skrini zake kama bwana harusi. Akaamini zile bei zitakaa kule kwa wateja milele, na huku kwake atafungua atakacho. Angezunguka mara moja tu upande wa benchi angeona. Lakini yeye upande wa wateja haendi. Wewe ulikuwa hutoki.

Kesho yake benchi zima likamtazama kwenye skrini akichagua zulia la sebuleni kwake. Bi Mwanakheri wa Kikwajuni, yule anayempelekea mwanawe vitambaa Pemba, akaninong'oneza, "Lile la kijani lilikuwa zuri. Mbona kaliacha?" Nilitaka kumwambia bwana tena. Nikafika mpaka mezani kwake, nikamuuliza kama anataka chai.

Juzi asubuhi benchi limejaa, akaanza kumwandikia tajiri. Maneno yakawa yanatoka kwenye skrini ya wateja, neno baada ya neno: "Bi Rukia aliiharibu ofisi hii kwa kuwahurumia watu. Na huyu binti aliyetuachia ni mwoga, hana faida. Idi ikipita namtoa."

Benchi zima likasoma. Binti huyo ndiye mimi, Bi Rukia. Unajua nyumbani kwetu hakuna kazi nyingine ila hii yangu. Lakini kilichonichoma zaidi ni jina lako, limesimama pale kubwa kuliko bei za Pemba, na watu waliokusomea Yasini wanakaa kwenye benchi wanasoma unavyotukanwa.

Nikafungua droo. Nikatoa kanga yako, nikapita mbele ya watu, nikaifunika ile skrini, nikaziweka sawa pembe zake kama ulivyokuwa ukifanya.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakusitiri, bwana."

Sauti haikuishia kooni. Sijui ilitokea wapi.

"Tushasoma, mwanangu," Bi Mwanakheri akamwambia, kwa upole kabisa. "Na huyu binti akitoka, mizigo yetu inatoka naye. Haya, endelea kuandika."

Mahali niliposimama niliiona skrini yake. Alikuwa hajatuma. Akaanza kufuta, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ikafutika Idi, nikafutika mimi na uoga wangu, ikafutika huruma yako. Yakabaki maneno mawili: Bi Rukia. Hapo kidole kikasita. Mtu yule, ambaye hakukujua hata kidogo, akakaa akilitazama jina lako mpaka wateja wakaanza kukohoa.

Mchana akaniambia, macho yakiwa dirishani, niunganishe nijuavyo. Nimeunganisha: moja kwenye tundu kubwa, ya pili kwenye tundu dogo na adapta yake, na kompyuta ikaambiwa ipanue. Sasa kila skrini na mambo yake. Ahsante hakusema. Idi ikipita bado nipo, hilo kalitamka mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Wenzetu wananiita fundi. Nawadharau vile vile.

Uoga haujanitoka. Nikijua jambo, nakuahidi, nitalisema, na wakinicheka nitalisema tena.

Pumzika, Bi Rukia wangu. Kanga nimeifua, na harufu ya udi wako imetoka, niwie radhi. Jioni tukifunga nafunika skrini zote mbili, kama ungetaka wewe. Lakini kanga moja haizitoshi. Ya wateja inafunikika yote, yake inabaki nusu wazi. Kwa sasa nusu hiyo ndiyo ninayoweza kumsitiri.

Mwanao wa meza ya mlangoni